Vidange za Gihosha

Mama yangu hatupi kitu. Nikisema hivyo watu hudhani natania, kwa hiyo bora nieleze. Vipande vya sabuni vikishakuwa vidogo hata havishikiki mkononi, yeye huviweka ndani ya soksi iliyopoteza mwenzake, akaifunga fundo, na hiyo ndiyo sabuni yetu ya kuoshea vyombo. Maharage huyaondoa motoni yakiwa hayajaiva vizuri, akaifunika sufuria kwa blanketi kuukuu, yakajimalizia yenyewe pembeni huku makaa yaliyobaki yakichemsha chai. Ukiacha taa inawaka chumba kisicho na mtu, utaitwa kutoka popote ulipo, hata kama uko bafuni na povu kichwani. Nilipokuwa msichana nilimwonea haya. Siku hizi namshukuru. Mwaka ninaousimulia hapa nilikuwa katikati, naona haya asubuhi na kushukuru jioni.

Jambo moja tu lilimfanya awe mkarimu bila kufikiri mara mbili: chombo cha watu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea sambusa kwenye sahani, sahani yake itarudi na kitu, hata kama ni ndimu chache. Kule Buyenzi nilikozaliwa kulikuwa na sahani moja ya bati yenye maua mekundu iliyokwenda na kurudi kati yetu na nyumba ya pili kwa miaka, kila upande ukiona haya kuwa wa kwanza kuirudisha bure, mpaka ikawa haijulikani tena ni ya nani. Baba alipofariki tukahamia Mutanga Nord, mimi, Mama na mdogo wangu, na sahani ile ikatukuta ni zamu yetu. Mama alifunga safari maalumu kwenda kuirudisha, na visheti juu yake. Ilikuja tena kwetu kabla ya mwezi kwisha.

Sasa nije kwenye chupa. Mwaka ule Bujumbura kila kitu kilikuwa cha kutafuta. Mafuta ya gari yalikuwa ya foleni, sukari ilikuwa ya kunong'onezana, na soda ziliadimika kabisa. Kwenye depo, pale soda zinapouzwa kwa kreti, sharti lilikuwa moja: ukitaka kreti iliyojaa, lete kreti ya chupa tupu, chupa kwa chupa. Chupa hizo tupu sisi tunaziita vidange. Zamani mtu aliweza kubembeleza, akalipia na chupa, mambo yakaisha. Mwaka ule hakuna aliyebembelezeka. Asiye na vidange, hata awe na pesa mfukoni, alisimama pembeni akiwatazama wenzake wakibeba, na watu wakaanza kuzifungia chupa tupu kwenye vyumba vya kulala.

Ni katika hali hiyo mdogo wangu alipata mchumba.

Nilimpenda kijana yule tangu siku ya kwanza, maana alivua viatu mlangoni bila kuambiwa na akamsalimia Mama kwa mikono miwili. Kwao ni Gihosha. Baba yake hayupo tena, mama yake alifanya kazi kwenye ofisi za serikali kule Kigobe mpaka akastaafu, na kwa mama huyo ndiko kulikokuwa na mtihani. Mdogo wangu aliniambia jikoni, amenipa mgongo, anasugua sufuria iliyokwisha kutakata.

"Amesema mama yake akikubali, ataleta mahari. Asipokubali, hatamulazimisha."

"Na kwa nini asikubali?"

"Kuna mwengine alimukataa. Alienda kwao mara moja tu, akarudi, akasema apana."

Kwa nini alimkataa yule mwingine, hakujua. Sikuuliza zaidi. Mdogo wangu alikuwa amefika ule umri ambao mashangazi huacha kuuliza kwa adabu, na alikuwa amejifunza kucheka wakiuliza. Kwa kijana huyu hakuwa akicheka. Alimtaka, na mimi nilitaka ampate, na sote wawili tuliogopa mama mmoja ambaye hatujawahi kumwona. Alikuwa aje Jumapili, yeye na kaka zake wawili, kuja kutubishia hodi kama tunavyosema.

Mama alikuwa ametulia kabisa. Kuku, alisema, atapatikana. Mchele upo. Sisi si watu wa pombe, wala wao si watu wa pombe, kwa hiyo soda zinatosha.

"Na vidange tuko nazo," akasema. "Ziko chini ya kitanda changu."

Niliingia chumbani, nikapiga magoti, nikavuta kreti ya kwanza. Haikusogea. Nikavuta kwa nguvu, ikaja taratibu, nzito, bila ule mlio wa chupa tupu. Zilikuwa zimejaa mafuta ya mawese, nyekundu mpaka shingoni, kila moja imezibwa kwa kipande cha plastiki kilichofungwa kwa uzi. Kreti ya pili vilevile.

Si kwamba alisahau. Mawese yalipokuwa rahisi, wakati yanapoteremshwa kwa wingi kutoka Rumonge, alinunua bidoni nzima, yaani dumu. Bidoni ilikuwa ya kuazima. Kuirudisha ilibidi, na kuirudisha tupu haikuwezekana, kwa hiyo aliyahamishia mafuta kwenye chupa, akaweka ndizi kadhaa juu ya bidoni na kuipeleka kwa mwenyewe. Kwake yeye chupa zile zilikuwa bado ni chupa. Kwamba vidange ikishatiwa kitu si vidange tena, hilo halikumpitia akilini, maana kwa maisha yake yote chombo kilichojaa kilikuwa bora kuliko kilicho wazi.

"Tuyamwage kwenye ndoo," nikasema.

"Ndoo gani? Ya maji ya kunywa?"

"Mama, ni heshima ya mutoto wako."

"Na mafuta haya ni chakula ya mutoto wangu," akasema, akaisukuma kreti chini ya kitanda kwa mguu.

Nilikasirika, nakiri, nikaichukua chupa moja bila ruhusa. Niliyamimina mafuta kwenye sufuria, nikaiosha chupa kwa maji ya moto, sabuni, mchanga, na tena maji ya moto, nikaenda nayo depo kujaribu. Mtu wa pale hakuitazama hata. Aliisogeza puani, akanirudishia.

"Hii apana, mama. Inanuka mawese. Kule kwenye uzine, kule banazijaza, batanirudishia."

Nikaenda kwa jirani yetu wa kushoto, ambaye najua ana kreti kwa sababu nazisikia zikilia kila anapofagia. Alinisikiliza vizuri sana, kichwa upande, kisha akaniuliza: mi nikikupa vidange zangu, mi nitakunywa nini? Sikumlaumu. Mwaka ule kuombana vidange kulikuwa sawa na kuombana mswaki.

Niliporudi, Mama alikuwa amekwisha kupata dawa. Tutengeneze maji ya ukwaju, akasema, mazuri, ya baridi, kama tulivyokuwa tukifanya Buyenzi. Nilimkumbusha kwamba ukwaju bila sukari hunywewa na mwenye homa tu, na sukari ndani ya nyumba hamna. Tulikuwa tumekunywa chai bila sukari majuma mengi, Mama akiwa wa mwisho kulalamika ingawa ndiye anayependa chai tamu kuliko sisi sote. Mdogo wangu, aliyekuwa akitusikiliza kutoka mlangoni, alicheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha. Nilimshika mabega. Nilimwogopa mgeni yule wa Jumapili kwa chuki kabisa, na hajanifanyia kitu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafua nilipoisikia sauti. Ilianza mbali, juu barabarani, nyembamba, ikikaribia: mkokoteni unashuka kwenye mawe, na juu yake chupa tupu zinalia. Kwa namna mambo yalivyokuwa, mlio ule uliwatoa watu majumbani. Jirani wa kushoto alitoka na ufagio. Mkokoteni ukaja mpaka kwenye geti letu, ukasimama, na mwenye nao akapangusa jasho.

"Nimetumwa kutoka Gihosha," akasema, na hakusema kwa sauti ndogo. "Mama wa kule amesema hivi: limonade mutanunua nyinyi, ile ni heshima yenu. Lakini vidange ni za kwake, na zirudi." Limonade kwetu ndiyo soda.

Mdogo wangu alikuwa amemwambia mchumba wake kwenye simu, mchumba akamwambia mama yake. Nilipoelewa hivyo nilitamani ardhi inimeze pamoja na ndoo yangu ya nguo. Mtu tuliyetaka asijue tumepungukiwa alijua kila kitu, mpaka mawese yaliyo uvunguni, na mtaa mzima ulikuwa umejua pamoja naye. Lakini chini ya aibu hiyo, sitadanganya, kifua changu kilifunguka. Soda zitakuwepo. Wageni hawatarudi na koo kavu.

Mama hakuona aibu yoyote. Alizunguka mkokoteni, akatoa chupa moja, akaiinua juani, akachungulia ndani yake kwa jicho moja.

"Ameziosha," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ndani. Mutu mwenye anaosha vidange mbele ya kuziazimisha..." Aliirudisha chupa mahali pake polepole, akaniambia niwahi depo kabla foleni haijawa ndefu.

Jumapili wakaja. Kaka za mama yule ni wanaume wachangamfu, mmoja ana hadithi nyingi, nao walikula kuku wetu kwa namna iliyonifurahisha. Yeye mwenyewe ni mwembamba, mrefu, mwenye miwani, na alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Alimuuliza mdogo wangu maswali mawili ya kawaida, kazi na afya. Yaliyobaki aliyafanya kwa macho. Nilimwona akilitazama blanketi kwenye sufuria ya maharage kupitia mlango wa jikoni. Nilimwona akiitazama ile soksi ya sabuni iliyoning'inia juu ya bomba uani, ambayo nilimwomba Mama aifiche na akasahau, au akakataa. Soda yake aliinywa nusu. Halafu akaomba kizibo, akaibana chupa vizuri, na kuiweka chini karibu na mguu wake, na walipokuwa wakiondoka akamimina iliyobaki kwenye kichupa kidogo alichokuwa nacho mkobani, akatuachia chupa tupu mezani.

Mjomba wetu, aliyekuja kutusimamia siku hiyo, alimaliza kwa dua, nasi tukaitikia amina. Mlangoni tulisimama sote tukisubiri neno. Kaka mwenye hadithi akasema tumefurahi sana. Mama yule akampa Mama mkono.

"Vidange nitatuma mutu kuzichukua kesho," akasema. "Mubaki na amani."

Hilo tu. Wakaondoka. Mdogo wangu alikusanya sahani, akaziosha zote peke yake, na sikuthubutu kuingia jikoni.

Jioni ile Mama hakukaa na raha, na mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya binti yake. Alikuwa anazitazama kreti. Chombo cha watu kilikuwa kimeingia nyumbani mwake, kesho kinarudi, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepewa chombo ambacho kazi yake ni kuwa kitupu. Ukizijaza, umemharibia mwenyewe. Ukizirudisha hivyo, umeishi bure miaka yote. Alikaa kwenye kigoda, mkono shavuni, na nilipomwambia kwamba duniani hakuna mtu anayerudisha vidange na zawadi, alinitazama kwa huruma.

Asubuhi alikuwa amepata jibu. Vidange za Gihosha alizipanga kwenye kreti zake, safi, zote. Kisha akavuta mawese yake kutoka uvunguni, akachagua chupa zilizojaa vizuri, akazifuta, akazisimamisha ndani ya kikapu kilichotandikwa majani ya mgomba, na kikapu kikawekwa juu ya kreti.

"Mama, atasema nini?" nikamwuliza. "Mutu wa Kigobe umutumie mawese kwenye chupa ya limonade, na uzi wa kushonea?"

"Atasema mutoto wetu hakulelewa njiani."

Mkokoteni ukapanda kuelekea Gihosha. Nilimtazama mdogo wangu, naye alitazama kikapu kikiondoka, na tulielewa wote kitu ambacho Mama hakukisema. Chupa zile za mawese sasa ni chombo cha watu, nazo ziko kwa wengine. Zitarudi. Zikirudi tupu, basi ni vidange tu, tumemalizana. Wala halitahitajika neno lolote.

Siku zikapita. Nilikuwa naenda kazini na kurudi, na kila nikirudi naitazama sura ya mdogo wangu kabla sijavua viatu. Mchumba alipiga simu kama kawaida, lakini mama yake, alisema, hajatamka kitu. Anaosha chupa. Ameziloweka, ameziweka juani, amezigeuza. Tulijaribu kuisoma habari hiyo kila upande, ikakataa kusomeka. Mtu huosha chupa ili azirudishe safi, hata kama hakupendi. Mdogo wangu aliacha kula vizuri. Mimi nilimgombeza Mama kwa jambo dogo, nafikiri ni kiberiti, na baadaye nikajuta.

Mkokoteni ulikuja Jumamosi nyingine, saa za mchana, sisi watatu tukiwa uani tunachambua mchele. Mama aliusikia kwanza. Aliinua kidole, tukanyamaza. Yalisikika magurudumu juu ya mawe, yakaruka kwenye lile shimo la mbele ya jirani ambalo kila chupa inayopita lazima ilie, na hakuna kilicholia. Palisikika kishindo kidogo, kizito, basi. Mdogo wangu aliiweka sinia chini. Chupa tupu ina sauti nyembamba inayosikika mtaa mzima. Hizi hazikuwa na sauti hiyo.

Nilifungua geti. Nyuma ya mkokoteni, kwa miguu kutoka Gihosha, na mwavuli dhidi ya jua, alikuwa mama mwenyewe.

"Nimeleta chupa zenu," akasema.

Kikapu kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Mama alikifunua. Ndani zilisimama chupa zetu, zimeng'aa, na kila moja imejaa sukari mpaka shingoni, nyeupe, imezibwa kwa plastiki na kufungwa uzi, fundo lilelile la Mama, limeigwa. Katika mwaka ule. Nilifikiri ni muda gani mtu hukaa kitako kupitisha sukari kwenye shingo ya chupa ya soda, kwa faneli ya karatasi, bila kumwaga.

Mama alitoa chupa moja, akaifungua, akaisogeza puani. Haikunuka mawese. (Ni ndimu, majivu, na jua, na mchele mkavu wa kutikisa ndani, siku hizi sisi sote tunaijua, na yule mtu wa depo amezipokea chupa zile bila neno.) Akaifunga tena. Halafu akamtazama mgeni, na nikaona amejitia moyo kusema neno ambalo lilikuwa bado si lake.

"Karibu ndani, mukwe wangu."

Mgeni aliukunja mwavuli wake. Aliukunja vizuri, pindo kwa pindo, akaufunga kifungo chake.

"Asante, mukwe," akasema. "Nipe kikombe cha chai kwanza. Mambo ya mahari tutaongea nikiwa nimekaa."

Nililia, sioni haya kulisema. Mdogo wangu alikimbilia jikoni, akarudi hana kitu mkononi, akakimbia tena. Mzigo uliokuwa juu yetu tangu siku ile ya sufuria uliondoka mara moja, nikasikia njaa, njaa ya kweli, kama mtu aliyepona malaria.

Tulikunywa chai uani. Wale wanawake wawili walikuwa tayari wanazungumza juu ya makaa, yupi anauza mazito na yupi anatia maji, na walikuwa wanakubaliana kwa kila kitu. Mama, aliyetumia maisha yake yote kupima, aliinamisha chupa juu ya kikombe cha mdogo wangu na kumimina sukari bila kijiko, bila kuangalia, huku anaongea, mpaka mdogo wangu akasema basi, Mama, basi.

Kidogo ilimwagika mezani. Mama na mgeni wote wawili walinyoosha vidole kuiokota, na mgeni akawahi.